Nyonga ya Tinkara

Ljubljana, 14 Juni 1998

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mdogo wangu Tinkara, na kwamba ng'ombe wamepanda malishoni bila hasara. Mimi sijambo. Kazi hospitalini ni nyingi, lakini niliichagua mwenyewe.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka saba si siku saba. Ningeweza kuacha ujumbe kwa Marjeta wa dukani ili ushuke kunipigia, lakini nikisikia sauti yako husahau nilichotaka kusema, nabaki kuitikia tu. Ndiyo maana naandika.

Tinkara aliniandikia mwezi uliopita. Ameandika kwa utani, unamjua. Anasema unamwamsha saa kumi na moja alfajiri, anapanda hadi kileleni na kuteremka kabla ya kukamua, na jioni tena. Anasema unampima kwenye mizani ya jibini. Na mwishoni kabisa, kama mtu aliyesahau kuaga, anasema kinena cha kushoto kinamchoma anapoteremka.

Baba, mimi natibu wakimbiaji wa milimani kila wiki. Msichana wa miaka kumi na tisa anayekimbia sana na kula kidogo, akiumwa kinena, hatusemi ni msuli mpaka tumehakikisha si mfupa. Shingo ya fupa la paja, pale linapoingia kwenye nyonga, huanza kupata ufa mwembamba kama unywele. Ukipumzishwa sasa unaziba ndani ya miezi michache. Ukiendelea kukimbizwa unakatika.

Mlete apigwe picha. Nitawapokea kituo cha basi.

Na jambo jingine, ambalo binti hamwandikii baba yake, lakini mama hayupo wa kumwandikia: Tinkara ana miezi mingapi hajaona siku zake? Ikizidi mitatu, ujue mwili wake umeanza kujila wenyewe.

Binti yako,
Polona


Malishoni, 27 Juni 1998

Polona,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe wazima, hata mbwa mzima. Barua yako imeletwa na gari la chumvi baada ya kulala kijijini siku tisa. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani imetoka kwa daktari. Mara ya pili nilikuwa namtafuta mwanangu humo ndani.

Sasa nisikilize na mimi. Nimekimbia milima hii miaka thelathini, nyingine kwa buti za jeshi, ugali baridi wa polenta tumboni, na hakuna aliyeniuliza mifupa yangu inasemaje. Marehemu mama yenu alikamua ng'ombe kumi na wanne asubuhi ya siku aliyokuzaa. Leo ninyi mnaandikiana barua kwa sababu ya kinena!

Unajua kwa nini umeandika? Wivu. Kano ya kisigino chako ilipokatika ulikuwa na miaka ishirini, na wa pili nchi nzima. Nilikwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe ukaona afadhali uende kukanda miguu ya wenzako. Haya, kanda. Lakini huyu ana mapafu ambayo wewe hukujaliwa. Wiki iliyopita amepanda kwa dakika hamsini na mbili. Wewe bora yako ilikuwa hamsini na sita. Hilo nalo hospitalini kwenu mna dawa yake?

Ya siku za wanawake siulizi na sitauliza.

Tarehe 16 Agosti ni mbio za bonde. Wa kwanza anaitwa timu ya taifa. Hatuji Ljubljana kupiga picha, tutapiga jukwaani.

Nimekuwekea gurudumu moja la jibini. Njoo ulichukue mwenyewe, kama bado unaweza kupanda.

Baba yako


Ljubljana, 5 Julai 1998

Kwa baba,

Shikamoo. Nashukuru kwa jibu. Mimi mzima, na nashukuru kwa ahadi ya jibini pia, hata kama imekuja na meno.

Sikuandika tugombane. Ya kisigino changu nitayasema mara moja tu: kiliuma miezi mitano kabla ya kukatika, na wewe ulikifunga majani ya kabichi ukaniambia nisikitazame. Basi, nimeyasema.

Kama hutaki picha, fanya haya. Kwanza, jaribio. Tinkara asimame pekupeku kwenye sakafu ya mawe, aruke kwa mguu wa kushoto mara kumi. Kikimuuma kinena, hata kidogo, asikimbie hatua moja. Atembee, aogelee pale mto unapotulia, basi.

Pili, kinachovunja ni mteremko. Anapopanda anachoka mapafu, anapoteremka uzito wake wote na zaidi unatua juu ya mguu mmoja, maelfu ya mara. Mfupa hujijenga siku ya kupumzika, siku ya kukimbia haujijengi. Siku moja ngumu, mbili nyepesi. Ashuke polepole kutoka kwenye kigoda cha kukamulia, mguu mmoja mmoja, hadi misuli ya matako iwe na nguvu ya kushika nyonga. Ale mara tatu. Mizani irudi kwenye jibini.

Muulize, baba, halafu mwamini atakachosema.

Binti yako,
Polona


Malishoni, 24 Julai 1998

Polona,

Marahaba. Wote wazima, isipokuwa ndama mmoja kaumwa na nyoka, naye anaendelea vizuri bila daktari.

Jaribio lako tumelifanya. Siku ya kwanza aliruka mara nne akashika ukuta. Nikasema sawa, hili ni somo kama somo lingine, hakuna aliyezaliwa analijua. Tangu siku hiyo tunaruka kila asubuhi kabla ya kukamua. Siku ya pili akafika sita. Wiki ya pili ishirini. Jana aliruka mara hamsini, mimi nimesimama mbele yake namtazama usoni, na hakukunja hata kope. Jasho lilimdondoka puani, lakini uso ulikuwa kama wa bibi harusi.

Kwa hiyo jaribio lako ni zuri, nakushukuru. Waambie wakubwa zako amepona.

Nimemwambia akuandikie mwenyewe. Amesema mkono umechoka, nikuandikie tu kwamba hasikii kitu.

Baba yako


Ljubljana, 2 Agosti 1998

Baba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu leo.

Nilikupa kipimo, ukakifanya kiboko. Hukumponya, umemfundisha kunificha maumivu. Umemfundisha kujificha mwenyewe!

Nimeomba ruhusa kazini, nimenyimwa mpaka tarehe 17. Marjeta ameahidi kuipandisha barua hii kwa mkono wake. Nakupigia magoti, na unajua mimi si mtu wa kupiga magoti. Asikimbie. Mwaka ujao atashinda mbio kumi. Msimamishe huyu mmoja, na mimi nitapanda huko nikakuombe radhi kwa lolote unalotaka, hata kwa wivu.

Polona


Ljubljana, hospitalini, 19 Agosti 1998

Baba,

Wewe mzima, naambiwa.

Gašper wa kikosi cha uokoaji amenieleza. Tinkara alikuwa anaongoza kwa dakika mbili. Kwenye mteremko wa mwisho, juu ya kanisa, mguu ukakataa, akaanguka. Wewe ulikuwa umesimama palepale. Alisema, "Baba, nyonga." Nikamwuliza Gašper ulijibu nini. Hakutaka kusema, nikamshika mkono mpaka akasema.

"Zimebaki mita mia tatu, Tinkara. Utakufa ukifika."

Akasimama. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, na ile ya pili watu waliokuwa ng'ambo ya barabara waliisikia.

Mpaka hapo mfupa ulikuwa bado umeshikana, baba. Kwa ufa ule ule angebebwa kwa machela, angelala miezi mitatu, angekimbia tena. Wewe ulimsimamisha, ndipo mfupa ukaachia. Amepigwa skrubu tatu. Damu ya kichwa cha fupa hupita palepale palipokatika, na hakuna anayejua kama itarudi. Inachukua miaka miwili kujua. Kichwa kikifa, atakuwa na nyonga ya bibi kizee kabla hajafika ishirini na mbili.

Ana kilo arobaini na moja. Siku zake hajaziona tangu Novemba. Nimemwuliza mimi, ilichukua nusu dakika.

Koti lako ulilomfunika limekuja naye. Mfukoni nimekuta barua yangu ya tarehe 2. Haijafunguliwa.

Atakaa kwangu. Usije.

Polona


Kijijini, 11 Septemba 1998

Polona,

Natumaini hujambo, na mdogo wako anaendelea. Mimi nipo. Ng'ombe nimewashusha mapema, kwa kuwa peke yangu siwezi kukamua wote.

Uliniambia nisije, nilikuja. Tarehe 25. Bibi wa mlangoni alitazama karatasi akasema jina langu limo, lakini kwenye orodha ya wasioruhusiwa. Sikugombana naye. Nilikaa kwenye benchi nje mpaka basi la jioni, gurudumu la jibini mapajani. Kulikuwa na joto, likaanza kutoa mafuta, watu wakawa wananipisha. Nilihesabu madirisha. Sijui ni lipi lilikuwa lake.

Barua yako sikuifungua kwa sababu nilijua kilichomo. Unasema mfupa ulikuwa umeshikana. Mimi sikujua. Nilidhani ni kama siku zote, mtu anasema hawezi, unamwambia anaweza, anaweza. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na wewe, na mara zote ilikuwa kweli isipokuwa mara mbili. Mara hizo mbili ni ninyi wanangu.

Humu ndani nimeweka barua ya Tinkara. Mpe. Hakuna neno la mbio ndani yake.

Baba yenu


Ljubljana, 10 Januari 1999

Kwa baba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo, na sina mwingine wa kumwambia ambaye atanielewa upesi kama wewe.

Wiki kumi Tinkara alilala ameelekea ukuta. Hakutaka kuinua mguu, hakutaka kula, hakutaka kuogeshwa. Paja la kushoto lilikwisha likawa kama mkono wangu. Daktari aliyempasua alisema asipoanza mazoezi mwezi wa Novemba kiungo kitakaza, na hapo skrubu zitakuwa kazi ya bure. Nilimbembeleza. Nilimpikia kila alichokuwa anakipenda. Nilimwimbia, mimi! Jibu lake lilikuwa moja kila jioni: "Baba ameandika?"

Ulikuwa umeandika. Barua zako tatu kwake zilikuwa kabatini, chini ya mashuka.

Tarehe 3 Novemba aliuliza tena, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Baba hajaandika. Amemwuliza Marjeta kitu kimoja tu, kama viatu vyako vya mbio vitamtosha binti wa jirani aliyehamia juzi."

Aligeuka kutoka ukutani. Halafu akaketi, mwenyewe, bila kushikwa. Akasema, "Nipe magongo."

Tangu siku hiyo, baba, sijawahi kuwa na mgonjwa kama huyu. Analala ubavu anainua mguu mara sitini. Analala chali anainua kiuno hadi jasho linalowesha mkeka. Ananiomba nimpeleke bwawani kabla ya kazi. Na kila nikimwona analegea, namtajia yule binti wa jirani. Nimempa na jina, Lenča. Lenča amepanda kwa dakika hamsini na moja. Lenča amealikwa timu ya taifa. Lenča hayupo, baba, nimemzaa mimi, lakini humu ndani tunaishi naye, anakaa mezani.

Barua zako sasa ni sita. Sijazifungua. Nakuomba usitume nyingine, zinakuwa nzito.

Polona


Kijijini, 2 Februari 1999

Polona,

Marahaba. Heri ya mwaka na kwako. Theluji imefika dirishani, natoka kwa kuchimba njia kwa beleshi.

Barua yako niliianza nimesimama nikaimaliza nimekaa. Nilipofika kwa Lenča nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti peke yangu jikoni. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikakaa kwenye theluji mpaka kicheko kikaisha. Miaka yote hii nilidhani uliondoka hapa bila kujifunza kitu kwangu.

Kama anainua mguu mara sitini, mwache ainue. Sitakuharibia. Lakini nitaendelea kuandika, na wewe endelea kuweka chini ya mashuka, kwa sababu nisipoandika sina pa kuyapeleka.

Ombi langu ni hili. Akishaweza kutembea, mwambie ukweli. Niahidi. Ubaya nilionao unanitosha, usiniongezee wa kubuni.

Hapa hajahamia jirani, na binti wa jirani tuliye naye ana miaka minne.

Baba yako


Ljubljana, 20 Septemba 1999

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mifugo. Tinkara hayupo hapa. Ameondoka leo kwa basi la saa tatu asubuhi, na barua hii inamfuata nyuma.

Ulitaka nikuahidi, nami nikajiahidi kumwambia akishatembea. Alitembea Aprili, nikasema akishaliacha gongo. Aliliacha Juni, nikasema akishakimbia. Mwezi uliopita alikimbia dakika moja, akatembea mbili, mara nane, kando ya mto, bila kuchechemea. Alirudi analia kwa furaha, akaniambia, "Dada, Lenča sasa ananisikia nyuma yake." Baba, ningemwambiaje? Ni kama kumnyang'anya mtu mguu mwingine.

Jana nilirudi kazini nikamkuta sakafuni. Alikuwa ametafuta shuka safi la kunitandikia kitanda, kwa kuwa nilikuwa zamu ndefu. Barua zako zote kumi na moja alikuwa amezifungua na kuzipanga kwa tarehe.

Akauliza, "Humu Lenča hayumo. Lenča ni nani?"

Nikasema, "Hakuna mtu."

Akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nakimbizwa na wewe."

Nikamwambia ndiyo njia pekee iliyomwinua. Akasema, "Najua. Ndiyo maana sitakusamehe." Akazikusanya barua, akaenda kufunga mfuko. Asubuhi alishuka ngazi za ghorofa zote nne bila kushika ukuta, mfuko mgongoni, nami nimesimama juu natazama kama nyonga inayumba. Haikuyumba. Hakugeuka.

Sasa nakuomba, na ninakuomba kwa kazi yangu, si kwa undugu. Karatasi ya mazoezi nimeiambatisha. Akimbie tambarare tu, siku moja akimbie, siku moja apumzike. Mteremko autembee, asiukimbie hata hatua tano, mpaka picha ya Novemba. Kichwa cha fupa kinaweza kuwa kinakufa kimya kimya na asisikie lolote. Siku kitakapobonyea ndipo atakaposikia, na siku hiyo hakuna mazoezi yangu wala dua zako.

Ale pamoja na wewe, meza moja. Akisema inauma, mwamini. Akisema haiumi, usimwamini.

Nijibu neno moja tu, kwamba amefika.

Binti yako,
Polona


Kijijini, 8 Oktoba 1999

Polona,

Marahaba. Sisi wazima.

Amefika. Alipanda kutoka barabarani kwa miguu, nikiwa nachunga mlango wa zizi, na nilimjua kwa mwendo kabla sijaona uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yote yakanipotea. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Umeshasema kwenye barua, baba, mara kumi na moja. Kuna chakula?" Nikamkaangia frika ya viazi na jibini, sufuria nzima, akala yote, nami nikala naye meza moja kama ulivyoagiza.

Anasema hana dada. Nilimkataza, nikamwambia ulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Usimtarajie upesi.

Karatasi yako niliipigilia msumari juu ya jiko, nimeijua kwa moyo. Siku nne za kwanza aliifuata mstari kwa mstari. Siku ya tano aliing'oa akaikunja akaitia mfukoni, akasema ameshaisoma. Sikugombana naye. Sijui kugombana naye tena.

Leo asubuhi tumepanda pamoja hadi ukingo wa malisho. Kwa kutembea, kama ulivyosema, na mimi ndiye niliyekuwa nahema. Hewa ilikuwa safi, kijiji chote kinaonekana hadi kanisani. Tulikaa. Akala tufaha. Kisha akainama akafunga kamba za viatu upya, akakaza, akasimama akautazama mteremko.

Nikamwuliza, "Inauma?"

Akasema, "Haiumi."

Uliniambia nisimwamini. Nililikumbuka neno lako, Polona, nataka ujue kwamba nililikumbuka, lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini ukimwona alivyosimama pale! Miaka mingi sijaona mtu amesimama hivyo juu ya mlima.

Nikatoa saa ya mbio mfukoni.

Baba yako